Uvimbe wa Wifi na Uvimbe wa Mama: Historia ya Ovari Kabla na Baada ya Kukoma Hedhi



Niliahidi kuandika juu ya singo na mapambo ya biharusi wa bara, na picha nilipiga nyingi. Zitakuja. Lakini safari yangu ya Malampaka ilinirudisha Unguja na jambo jengine kabisa, na nimeona hili litangulie.

Kwa wasiopajua, Malampaka ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, ule mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Shinyanga na makao yake kuwekwa Bariadi. Mji umeota kando ya reli ya Tabora–Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na pamba ndiyo iliyoupa uhai. Katika stesheni za namna hii wakulima wa Kisukuma walikutana na watu wa reli na wafanyabiashara wa Tabora, Kigoma na pwani. Ukoo wa mume wangu ni wa mchanganyiko huo. Mama mkwe wangu mie namwita mama, wajukuu wa mjini wanamwita bibi, na majirani wote wanamwita mayu.

Nilikwenda kumsinga wifi yangu, biharusi wa miaka 24. Nyote mnajua harusi zetu hupangwa kwa kalenda mbili, ya ukumbi na ya hedhi. Somo wake alikuwa anahesabu siku. Hedhi ikachelewa wiki, ikachelewa mbili. Tumbo la chini likajaa, likawa linauma upande mmoja, na asubuhi moja biharusi akatapika. Mpaka jioni habari imeshafika kwa shangazi wa bwana harusi. Kipimo cha mkojo kikasema hakuna mimba. Mmoja akajibu kwamba kipimo hakioni mimba iliyolala.

Usiku ule mama mkwe akanivuta chumbani. Hakuniita kwa ajili ya mwanawe. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba na yeye tumbo lake halimwelewi. Akila vijiko vitatu ameshiba. Mkojo unamwamsha mara nne kwa usiku. Sketi ya mwaka jana haifungi, na mwili umepungua. Ana miaka 58, hedhi imekatika miaka sita nyuma, na alikuwa amejiambia kuwa huo ni uzee.

Tukawachukua wote wawili kupiga picha ya utrasaundi, siku moja, kitanda kimoja. Wifi ana uvimbe wa maji kwenye ovari ya kulia, sentimita 6. Mama ana uvimbe kwenye ovari ya kushoto, sentimita 5. Daktari akamwambia wifi aende akaolewe, arudi baada ya wiki nane. Mama akaambiwa apime damu wiki ile ile, kisha aende Mwanza.

Mama alikasirika. Njiani akaniuliza, "Wa mwanangu mkubwa kuliko wangu. Mbona yeye anaachwa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu niliporudi, na jibu lenyewe limechukua dunia karibu miaka 200 kulipata.

Tuanze na lile neno, mimba iliyolala. Msicheke. Wanazuoni wetu wa Kishafi walisema muda mrefu kabisa wa mimba unaweza kufika miaka minne. Mahanafi walisema miaka miwili, na kwa Wamaliki zimo kauli za minne na mitano. Kauli hizo zilimsitiri mjane na mtalaka aliyezaa muda mrefu baada ya mume kuondoka, zikamhifadhia mtoto nasaba yake. Hukumu ilijengwa juu ya yale ambayo wanawake wenyewe na wakunga waliyasimulia, maana hapakuwa na njia nyengine ya kujua yaliyomo tumboni. Mwaka 1929 Misri iliandika katika sheria yake kwamba madai ya nasaba hayatasikilizwa kwa mtoto aliyezaliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya talaka au kifo cha mume. Mimi si msomi wa fiqhi. Lakini nikisoma masimulizi ya matumbo yaliyokaa miaka bila kuzaa, najiuliza ni mangapi yalikuwa na mtoto, na ni mangapi yalikuwa na uvimbe wa ovari ulioachwa ukakua.

Maana haya hayakuwa ya Waislamu peke yao. Mwaka 1809, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, mama mmoja aitwaye Jane Todd Crawford, wa miaka 46, alipitisha miezi yake ya kujifungua na mtoto hakutoka. Waganga wa kwao walisema ni mapacha. Wakamwita daktari Ephraim McDowell kutoka mji wa Danville aje amzalishe. Alipompima akakuta kizazi ni kitupu. Alimwambia ukweli wote: ni uvimbe, haujapata kutolewa kwa mtu akapona, na akitaka kujaribu lazima afike Danville. Mama yule akapanda farasi, kama kilomita 100 katika baridi ya Disemba, tumbo limeegemea tandiko.

Tarehe 25 Disemba akapasuliwa. Dawa ya usingizi haikuwepo, ilikuja mwaka 1846. Ilichukua dakika 25, na kilichotoka kilizidi kilo 10. Siku ya tano McDowell alipokwenda kumtazama alimkuta anatandika kitanda chake mwenyewe. Siku ya 25 akarudi kwao, na akaishi mpaka mwaka 1842.

Habari hii McDowell hakuichapisha mpaka mwaka 1817, pamoja na wagonjwa wengine wawili. Hao wawili walikuwa wanawake weusi, katika jimbo lililokuwa na utumwa. Jina la Crawford limo katika kila kitabu cha upasuaji. Majina yao hatunayo. Kila nikisoma mahali hapo huwa nasimama kidogo.

Na kwetu je? Kuna wanaodhani Afrika Mashariki tumbo la mwanamke halikufunguliwa mpaka Mzungu alipofika. Mwaka 1879 Robert Felkin, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, alikuwa Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo. Alishuhudia mtaalamu wa kienyeji na wasaidizi wake wakimzalisha mwanamke kwa kumpasua. Walimpa pombe ya ndizi imlevye, wakaosha kwa pombe ile ile mikono ya mpasuaji na tumbo la mama, wakazima damu kwa chuma cha moto, wakafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Mama na mtoto wote walipona. Felkin alichapisha habari hiyo mwaka 1884. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo, na wa kunawa mikono pia ulikuwepo, wakati Ulaya madaktari bado walikuwa wanabishana juu ya kunawa. Ule upasuaji ulikuwa wa uzazi, si wa ovari. Lakini ulikuwa wa tumbo la mwanamke, na ulifanywa kwa utulivu wa watu waliozoea.

Hospitali za kimisheni zilifuata: Mengo mjini Kampala mwaka 1897, na kwa upande wa Usukumani, Kolandoto nje kidogo ya Shinyanga mwaka 1913. Kutoka Malampaka kwenda huko kabla ya reli ilikuwa ni kwa miguu au machela. Mwanamke mwenye tumbo zito hakwenda. Alibaki, akaitwa mjamzito asiyezaa, au aliyerogwa.

Ulaya nako, baada ya dawa ya usingizi na usafi wa vyombo, upasuaji wa ovari ukaenea. Thomas Spencer Wells wa London alianza mwaka 1858, na kufikia mwaka 1880 alikuwa ameshafanya 1,000. Jambo ninalompendea ni kwamba aliwaandika wote, na waliokufa akawaandika pia, ili wenzake wajue hatari ni kiasi gani.

Kisha ikaja zamu ya kuzidisha. Mwaka 1872 Robert Battey wa Georgia, Marekani, alianza kutoa ovari ambazo hazikuwa na uvimbe wowote, kutibu maumivu ya hedhi, na wengine wakamfuata kutibu "wazimu" na "hasira za kike". Maelfu ya wanawake walitolewa ovari nzima. Msichana wa miaka 22 aliingia na ovari zake mbili akatoka amekoma hedhi kwa asubuhi moja: joto la ghafla, usingizi umepotea, uzazi ndiyo basi, na mifupa ikaanza kudhoofu kabla ya wakati. Ndipo dunia ilipojifunza kwa uchungu kwamba ovari inafanya kazi nyengine nyingi mbali na kutoa mayai. Na ndiyo sababu leo daktari mwenye busara akimpasua msichana atamenya uvimbe na kuiacha ovari, kadiri inavyowezekana.

Hapo ndipo tunapoanza kuelewa uvimbe wa wifi.

Mwaka 1672 Regnier de Graaf, daktari kijana wa Delft huko Uholanzi, alieleza vifuko vidogo vya maji alivyoviona kwenye ovari. Vifuko hivyo si ugonjwa. Ndiyo kazi yenyewe. Kila mwezi kimoja hukua mpaka kama sentimita 2, hupasuka, yai hutoka, na pahali pake hubaki kidonge cha manjano kinachotoa homoni kwa wiki mbili kisha kunywea. Kwa maneno mengine, mwanamke anayeona hedhi hutengeneza uvimbe mdogo wa maji kila mwezi wa Mungu, na mwingi huja na kuondoka bila yeye kujua.

Mara nyengine kifuko hakipasuki, kinaendelea kujaa. Au kile kidonge hakinywei. Hapo unapata uvimbe wa sentimita 4, 5, hata 7, na kwa kuwa homoni zimevurugika, hedhi huchelewa, tumbo hujaa, matiti huuma, na kichefuchefu nacho huwepo. Zirudieni dalili hizo taratibu. Ndizo zile zile zilizomtia wifi yangu mdomoni mwa mji. Uvimbe wa aina hii mara nyingi hupotea wenyewe katika mizunguko miwili au mitatu, na kumpasua binti kwa ajili yake ni kumdhulumu. Zile wiki nane za daktari zilikuwa dawa yake. Sisi tulizisikia kama dharau.

Lakini si kila uvimbe wa msichana ni wa kupita, na kuna mmoja lazima niuseme kwa sababu ya maneno yanayousindikiza. Kuna uvimbe ambao ukifunguliwa hukutwa na nywele, mafuta, na pengine meno. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu, katika shughuli ya heshima, kwamba binti fulani "alitolewa vitu" tumboni, na hao hao wakasema ni jini mahaba, wengine wakasema ni mtoto aliyetupwa na kurudi. Hasha. Chembe za yai zina uwezo wa kuwa kiungo chochote cha mwili. Zikianza kukua pasipo mimba, hutengeneza vipande hivyo ovyo ovyo. Binti bikira anaweza kuwa nao. Ni katika uvimbe unaopatikana sana kwa wanawake vijana, na kwa kawaida si saratani, ila haupotei wenyewe, hutolewa.

Tena ni wa zamani mno. Wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua kaburi la mwanamke wa miaka 18 hadi 21 huko Amarna, mji wa Firauni Akhenaten nchini Misri, wa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, wakakuta nyongani mwake uvimbe uliogeuka jiwe, una meno mawili. Mkono wa kushoto alivaa pete yenye sura ya Bes, ambaye wao walimtegemea kulinda uzazi. Pengine binti yule alijua kuna kitu. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2023.

Aina nyengine ni uvimbe wa damu nzito ya kahawia, unaotokana na ngozi ya ndani ya kizazi kuota pasipo pake. Huyu ndiye mgonjwa anayelia kila hedhi na kuambiwa ni chango, akiolewa atakoma. Hakomi. Na kuna wale wenye ovari zilizojaa vifuko vidogo vidogo, hedhi haina mpangilio, nywele zinaota kidevuni. Hali hiyo Stein na Leventhal wa Chicago waliielezea mwaka 1935, na kwa hakika ni shida ya homoni zaidi kuliko ya uvimbe. Hiyo nitaiandikia siku yake, barua zenu nimezipata.

Jambo moja tu halisubiri. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika, kwa mwenye uvimbe unaojulikana au usiojulikana. Ovari inaweza kujisokota kwenye mshipa wake, damu ikakatika. Inaweza pia kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hapo ni hospitali usiku huo huo, hata kama ni usiku wa hina.

Sasa, vipi daktari wa Simiyu aliweza kuona sentimita 5 na sentimita 6 bila kumpasua mtu? Hii ndiyo sehemu ya historia ninayoipenda.

Profesa Ian Donald wa Glasgow, Scotland, mji wa viwanda vya meli, alijua kwamba mafundi wa chuma hutumia sauti zisizosikika kutafuta nyufa ndani ya bati nene. Mwaka 1955 alijaza magari mawili uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, wa kizazi na wa ovari, akaupeleka kwenye kiwanda cha kutengeneza mabwela cha Babcock & Wilcox, Renfrew. Kiwanda kikatoa kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Wakapima. Uvimbe wenye maji ulirudisha sauti namna moja, uvimbe mgumu namna nyengine.

Wenzake hospitalini walimcheka, mpaka alipoletewa mgonjwa aliyekonda, anatapika, tumbo limejaa, na wapasuaji wameshasema ni saratani ya tumbo isiyotibika. Donald akamwekea mashine yake. Aliona maji yaliyofungwa ndani ya ukuta mmoja mkubwa. Ilikuwa ni uvimbe wa ovari. Ukatolewa, mama akapona. Mwezi Juni 1958, Donald, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao, na baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mashine tunazopigia picha watoto wetu, tukazituma kwenye simu za mashangazi, zimetokana na kazi ile, na katika watu wa mwanzo zilizowaokoa ni mwanamke mwenye uvimbe wa ovari aliyekwisha kukatiwa tamaa.

Nirudi kwa swali la mama mkwe.

Hedhi inapokoma, ovari huacha kazi ya kila mwezi. Haikuzi vifuko tena. Hunywea. Kwa hiyo uvimbe ukitokea hapo, ile sababu ya kawaida, kwamba ni kifuko cha mwezi huu kilichochelewa, haipo tena. Lazima uvimbe huo utafutiwe sababu nyengine. Hii haina maana ni saratani. Mwingi wa uvimbe kwa wanawake waliokoma hedhi nao si saratani. Ukiwa mmoja, ukuta mwembamba, ndani maji matupu, chini ya sentimita 5 na damu iko sawa, huangaliwa tu kwa picha kila miezi minne hadi sita. Lakini ukiwa na vyumba vyumba ndani, au sehemu ngumu, au ovari zote mbili, au kuna maji yamejaa tumboni, haukai.

Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake huko Boston waligundua kipimo cha damu kiitwacho CA 125. Mwaka 1990 Ian Jacobs na wenzake London wakatunga hesabu ambayo mpaka leo madaktari wanaitumia. Chukua namba ya damu. Zidisha kwa alama za picha: 0 kama picha haina dosari, 1 kama ina dosari moja, 3 kama zimezidi. Halafu zidisha kwa umri, na umri una majibu mawili tu: anayeona hedhi ni 1, aliyekoma ni 3. Jibu likizidi 200, mgonjwa apelekwe kwa wataalamu wa saratani.

Jaribuni kwa penseli. Binti ana damu 40, picha alama 3, hedhi anaona. 40 mara 3 mara 1 ni 120. Mama yake ana damu ile ile 40, picha ile ile 3, hedhi imekoma. 40 mara 3 mara 3 ni 360. Damu moja, picha moja, na mmoja yuko chini ya mstari na mwengine juu. Hilo ndilo jibu la swali la njiani, na nilipompigia simu kumsomea hizi hesabu, mama alikaa kimya kisha akasema basi angeambiwa hivyo tokea mwanzo.

Na kweli angeambiwa. Dakika tano za maelezo zingetosha.

Niongeze kwamba CA 125 kwa msichana hupotosha. Hupanda kwa hedhi, kwa mimba, kwa ile damu ya kizazi iliyoota nje, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho kwetu si kigeni na hujaza tumbo maji sawasawa na saratani. Usikimbilie maabara mwenyewe, ukapata namba, ukakesha unalia.

Kwa miaka mingi saratani ya ovari iliitwa muuaji wa kimya. Mwaka 2004 Barbara Goff na wenzake wa Seattle waliwauliza wanawake wenyewe, wakakuta hawakuwa kimya hata kidogo. Walikuwa wakilalamika tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga na mkojo wa mara kwa mara, mambo mapya yaliyokuja karibu kila siku. Orodha hiyo ni maneno ya mama mkwe wangu chumbani, neno kwa neno. Sema yeye alikuwa anamwambia nani? Mabinti wana harusi, mume ana pamba.

Kuna jambo la haya, na hili najua ndilo mnalolisubiri. Msichana ambaye hajaolewa hupigwa picha kwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa maji. Kipimo cha ndani anaweza kukikataa, na ana haki ya kumuomba daktari wa kike au kuingia na mtu wake. Si ajabu wala si usumbufu. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mnamo mwaka 1013, katika kitabu chake kikubwa cha tiba alipofika kwenye upasuaji wa wanawake aliandika kwamba atafutwe tabibu wa kike, na akikosekana, aletwe mkunga mwenye ujuzi, aongozwe na mpasuaji. Sitara na tiba vimekwenda pamoja miaka 1,000. Na bibi yetu Fatima bint Abi Hubaysh, alipoona damu haikatiki, alikwenda kumuuliza Mtume mwenyewe, rehma na amani zimfikie, akajibiwa kuwa ile ni ya mshipa, si hedhi. Aliuliza kwa mdomo wake. Mama aliyekoma hedhi akaona damu, hata tone, asiite hedhi imerudi. Akapimwe.

Na tusichanganye mambo. Chanjo ya HPV wanayopewa mabinti zetu tangu mwaka 2018, na kile kipimo cha kliniki, ni vya mlango wa kizazi. Havioni ovari. Mama mkwe alikuwa na kadi yake safi ya kipimo hicho, na kwa miezi ile kadi ndiyo iliyomtuliza.

Harusi ilifanyika siku yake. Mtu mmoja wa upande wa pili alitaka aoneshwe karatasi ya utrasaundi. Wifi akakataa, akasema yeye si kesi. Mume wake, Mwenyezi Mungu ambariki, alisema hakuomba karatasi na hataki kuiona. Wiki ya tisa alipiga picha tena, ovari iko safi.

Mama alipasuliwa Mwanza. Kwa umri wake walitoa ovari zote mbili pamoja na kizazi. Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu, na wiki zile sizitamani kwa mtu. Yalipokuja hayakusema saratani, na hayakusema salama. Ni aina wanayoiita ya mpakani, chembe zimeanza kubadilika lakini hazijavamia. Ovari ya pili ilikuwa safi. Hakuandikiwa dawa kali. Ameandikiwa kurudi, kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka.

Nilipozungumza naye juzi alikuwa ametoka stesheni kuuliza ratiba, maana tarehe yake ya Mwanza imekaribia na basi linamuumiza mshono. Kadi ya kliniki ameitundika ukutani, msumari mmoja na kalenda ya nyakati za swala. Na ile sketi, anasema, sasa inamvuka.